Bawaba Mara Elfu Tatu

Karakana, 9 Februari

Mpwa wangu Msumari,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mumeo mpima ardhi, halafu wakwe zako kwa mpangilio watakaoutaka wenyewe. Mimi mzima. Mgongo hulalamika asubuhi, ikifika saa nne unazoea. Paa la stoo ya mbao linavuja mahali pawili; pa kwanza nimepaziba, pa pili bado napatafuta. Jirani yetu mshonaji anakusalimu. Amepata cherehani ya umeme, sasa anashona haraka kuliko anavyopima, na nusu ya mtaa inavaa nguo za kubana.

Wiki iliyopita nilikwenda kubadilisha kitambulisho. Nilipanga foleni tangu saa mbili, nikafika mbele saa sita na robo, mashine ikakataa alama za vidole vyangu. Vyote kumi. Binti wa pale akanipa kitambaa nifute, nikafuta. Akanipa mafuta nipake, nikapaka. Mwisho akajaza kwa kalamu kuwa mzee hasomeki. Miaka thelathini na minne ya msasa na vanishi, leo serikali haina pa kunishika.

Sasa lililonifanya ninyanyue kalamu. Wewe unafanya kazi kwenye duka la simu. Mimi nataka simu ya kukunja, ile inayofungwa kama kasha. Simu ya kukunja ni mlango, na mlango ni bawaba. Mengine yote ni rangi. Niangalizie zilizopo uniandikie: bawaba ni ya chuma au plastiki, vitufe vina upana gani (pima, usikadirie), betri inakaa siku ngapi, na je, sauti yake inasikika mtu akiwa karibu na msumeno wa umeme? Bei usinitajie kwanza. Mtu akisikia bei kabla ya kazi, hununua bei.

Ile simu ya kupangusa uliyonitumia ipo. Haina kosa. Usiiulize.

Tangu Agosti hatujasikiana sauti. Mimi si mtu wa kuhesabu, lakini ni miezi sita na siku tatu.

Mjomba wako.


2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na vumbi la mbao ndani ya bahasha, nikainusa kabla ya kuisoma. Sisi wazima. Mume wangu yuko kazini huko vichakani mpaka Ijumaa na kile chombo chake cha miguu mitatu, anachokiheshimu kuliko mimi. Mama mkwe anakusalimu na anasema paa likivuja mahali pawili, tafuta pa tatu. Mimi nimehamishiwa kaunta ya kukaa, ile ya simu zinazorudishwa, kwa sababu miguu ilikuwa inavimba nikisimama. Nakula vizuri. Siku hizi nakula mara nne.

Simu za kukunja tunazo tatu. Nimezipima kwa rula ya mume wangu, usije ukasema nimekadiria.

Nyeusi: vitufe milimita kumi na mbili kwa tisa. Betri siku tano kama huongei sana. Bawaba plastiki. Ina redio, ila haiimbi mpaka uchomeke waya wa masikioni, na wewe na waya hampatani. Nyekundu ndiyo nzuri kwa sura: kioo kidogo cha nje kinaonyesha saa na jina la anayepiga. Lakini vitufe milimita nane, betri siku tatu, na bawaba yake ya chuma imelegea. Ukiishika kichwa chini inafunguka yenyewe kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Ya tatu ni ya kijivu. Nene kama sabuni ambayo haijatumika. Vitufe kumi na nne kwa kumi, namba zimeandikwa kubwa hata mimi nimezisoma nikiwa mlangoni, bawaba chuma, tochi juu, na nyuma kuna kitufe cha dharura kinachopigia watu watano kwa zamu mpaka mmoja apokee. Betri siku saba. Wenzangu dukani wanaiita Babu.

Kuhusu sauti, hatuna msumeno, tuna jenereta. Niliziweka kwenye ndoo ya bati kando yake, nikasimama mlangoni nikazipigia moja moja. Nyeusi haikusikika. Nyekundu ililia kama mbu. Ya kijivu ilipolia, mlinzi wa duka la pili aligeuka.

Ila Mjomba, ile niliyokutumia ilikuwa mshahara wangu wa kwanza. Kama imeharibika, sema, nina kaunta nzima ya mafundi. Kama haijaharibika, sielewi ya pili ni ya nini. Mimi huipigia. Inaita.

Mpwa wako,
Msumari


Karakana, 15 Machi

Mwanangu,

Barua yako imetembea siku nane, na mimi ningeweza kutembea kwa saba. Salamu zenu nimezipokea zote. Mwambie mama mkwe wako pa tatu nimepaona; anajua mapaa huyo mwanamke. Mshonaji ameniletea suruali niliyompa apunguze kiunoni, amepunguza na miguuni.

Nyekundu iache. Mlango unaojifungua wenyewe ni balaa hata ukiwa mzuri. Nyeusi nayo, bawaba ya plastiki ni ahadi ya mlevi. Imebaki kijivu, nayo bado sijaikubali. Mtu akifungua simu mara kumi kwa siku, kwa mwaka ni mara elfu tatu mia sita na hamsini. Nakuomba uifungue na kuifunga mara elfu tatu. Hizo nyingine mia sita na hamsini nitazifungua mwenyewe. Usiifanye kwa siku moja. Bawaba huchoka kama mtu, kidogo kidogo.

Hiyo uliyonitumia haijaharibika. Nimeshasema.

Kuna jambo nimelikalia tangu mwaka jana na limeanza kunichoma. Ulikuja hapa una miaka sita, mama yako, dada yangu, hana hata wiki kaburini. Ulikuwa na begi moja na viatu vyote viwili vya kushoto. Nilikutengenezea kitanda kwa siku moja, fito zikiwa bado mbichi, ukalala humo mpaka miguu ikatokeza. Ukawa unaokota misumari iliyopinda chini ya meza yangu na kuninyooshea kwa nyundo ndogo. Ndipo jina lako lilipotoka. Miaka kumi na tisa. Halafu nasoma kwenye barua ya ukurasa mmoja kuwa umeolewa kwa msajili, na kwenye kiti cha mzazi wako alikaa baba mdogo wa mumeo. Yaani watu wa upande ule walikaa pande zote mbili. Hata mizani haipimi hivyo.

Sikuulizi. Nakuambia tu kuwa nilisoma.

Mjomba wako.


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika barua tatu nikazichana.

Wote wazima. Bawaba kwanza, kwa kuwa hiyo ni rahisi. Niliifungua na kuifunga ile ya kijivu mara mia kwa siku, siku thelathini. Mwenzangu wa kaunta alidhani nimepagawa. Jioni nilikuja nayo nyumbani kumalizia, na mume wangu akawa anahesabu kwa vijistari kwenye daftari lake la viwanja. Siku ya kumi na mbili alipitiwa, alifika sitini na nne au sitini na tano, hakuwa na hakika, nikamrudisha mwanzo. Hakubisha. Bawaba haijatikisika hata kidogo. Rangi tu imechubuka upande wa kulia, pale kidole gumba kinaposukuma.

Sasa kiti.

Tarehe sita Agosti, saa tatu asubuhi, nilikupigia. Nilikuwa nimesimama uani kwa wakwe zangu. Ndani walikuwa wamekaa wazee wao wanasubiri neno lako moja tu: utafika siku gani, ili nao waipange siku kwa kukufuata wewe. Simu ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Ya tatu ilikatwa hata sijaiweka vizuri sikioni. Mjomba, mimi nauza simu. Mtandao haukati hivyo. Ule ulikuwa mkono wa mtu.

Nami nilikumbuka ulichokisema mwaka ule nilipomleta mume wangu nyumbani, kuwa anayepima viwanja vya watu hana chake. Tulicheka wote siku ile. Pale uani sikucheka. Nikarudi ndani nikawaambia mjomba amesema endeleeni, mgongo umemshika. Nilidanganya watu wazima wanane ili wasijue kuwa umenikataa. Baba mdogo alikaa pale kwa sababu kiti hakiachwi wazi.

Huo ndio ukweli wangu. Hata usiponijibu jingine lolote, nijibu hili: kwa nini ulinikata?

Simu nitaituma kabla Mei haijaisha. Kuanzia tarehe moja Juni sitakuwepo dukani kwa siku tisini.

Msumari


Karakana, 7 Mei

Mwanangu,

Salamu zenu nimepata. Barua nimeisoma mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimesimama.

Nianze na wewe. Kaunta ya kukaa, moja. Miguu kuvimba, mbili. Kula mara nne, tatu. Siku tisini, nne. Hakuna duka duniani linalompa mfanyakazi siku tisini kwa sababu amechoka. Mimi si daktari, lakini kujumlisha naweza. Na umeniandikia mara mbili bila kunitajia, ukanipimia milimita za vitufe. Nimekasirika kidogo, halafu nimekwenda stoo nikachagua mbao.

Kitanda kitakuwa na fito kumi na nane kila upande. Nafasi kati ya fito ni sentimita sita. Nimejaribu kwa ngumi yangu, kichwa cha mtoto hakiwezi kupita. Vanishi sipaki, maana watoto hutafuna. Nitasugua kwa msasa mpaka soksi ya hariri ipite bila kukwama. Soksi ya hariri sina, mshonaji ameahidi kutafuta kitambaa. Wewe usiinue kitu kizito. Usipande ngazi ukishika ndoo. Mumeo asogeze kile chombo cha miguu mitatu kisikae mlangoni.

Na mumeo huyo. Mtu aliyehesabu mara elfu tatu, akakubali kurudishwa mwanzo bila kubisha, nilimkosea. Mwambie hivyo, bila kuongeza neno.

Ulichoniuliza. Siku ile nilikuwepo. Sikuwa safarini, sikuwa nimelala. Simu ilikuwa mkononi mwangu na picha yako nilikuwa naiona. Tangu siku ile naichaji kila Jumapili, na imelia mara ishirini na sita. Zote nimezisikia. Sikukukataa. Nimekaa hapa tangu saa tatu natafuta namna ya kuandika yaliyobaki, na mteja wa dirisha ameshakuja mara mbili.

Barua naituma hivi hivi. Nikiiacha mezani nitaichana, na nadhani kuchana barua umenirithi mimi.

Mjomba wako.


21 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena ya mikono miwili. Ndiyo, ni kweli. Mwezi ujao, katikati, wanasema. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka ulisome. Nilitaka ulisikie. Ndiyo maana nilikuwa napiga.

Mume wangu nimempa ujumbe bila kuongeza neno. Akatoka nje akakaa huko muda mrefu, aliporudi akaniambia vumbi la barabarani ni kali.

Juzi alikuja kaunta yangu mama mmoja dobi. Ilikuwa mara yake ya tatu kurudisha simu ileile ya kupangusa. Mafundi wetu wameifungua mara mbili hawakuona kosa, na wauzaji wameanza kumcheka pembeni. Nikamwambia, mama, mimi nakupigia, wewe pokea nione. Nikapiga. Akaweka kidole kwenye duara la kijani akavuta. Duara halikusogea. Akavuta tena. Akabonyeza. Akapangusa huku na huku kama anayetoa doa, na simu ikakatika. Akanitazama kama mtu aliyevunja sahani ugenini.

Nilimshika mkono nikaugeuza. Ncha za vidole vyake zinang'aa kama mgongo wa kijiko. Miaka yote ya sabuni na maji ya moto. Kioo kile hakijui kuwa pale pana mtu.

Nililia mbele ya wateja, Mjomba. Wakadhani ni mambo ya hali yangu, wakaniletea maji. Jioni nilitoa barua yako ya kwanza nikasoma habari za kitambulisho. Vyote kumi. Nilipoisoma Februari nilicheka.

Nilikuuliza kwa nini ulinikata. Nilipaswa kuuliza ulikuwa unanipokea kwa kidole gani.

Na wewe hukusema kwa sababu ilikuwa mshahara wangu wa kwanza. Usinijibu, nakujua. Kuna kalamu maalumu za kugusia kioo, kuna mshonaji ukuta wa pili ana vidole kumi vizima, na wewe ukachagua kuchaji kila Jumapili na kusikiliza.

Ya kijivu iko ndani ya kifurushi hiki. Yule mama dobi naye nimembadilishia, amechukua nyeusi, anasema redio ya waya haimsumbui. Katika yote tuliyopima, milimita na siku na ndoo, kuna moja hukuuliza, na mimi sikuliandika kwa kuwa sikuona maana yake: ukiifungua, inapokea. Hakuna cha kupangusa wala cha kubonyeza. Unafungua mlango, niko ndani. Ukiifunga, imekata. Namba mbili ukiishikilia inanipigia mimi. Kitufe cha dharura kilidai majina matano. Nimeandika la kwangu mara tano.

Usipige wewe. Nitapiga mimi, siku ikifika.

Msumari


Karakana, 19 Juni

Mwanangu, na wewe mgeni wetu ambaye huna hata siku nne,

Nawasalimu wote wawili, na baba mtu ambaye tangu juzi namwita mkwe bila kukohoa kwanza. Paa limeacha kuvuja kwa sababu mvua imeacha kunyesha. Mshonaji anakupa pongezi na amemshonea mtoto kofia. Itamtosha akifika miaka mitano.

Kifurushi kilifika tarehe tatu. Nilifungua mara mia sita na hamsini kama tulivyokubaliana, kisha nikaiweka mfuko wa shati na sikuitoa tena ila kulala. Siku saba za betri ni kweli. Ya nane ilianza asubuhi ikafa adhuhuri.

Juzi ilipolia ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na mimi nilikuwa nimeshika randa. Nimewaza mara nyingi nitasema nini siku hiyo. Nilikuwa nimepanga hotuba, ina maneno ya busara na lawama kidogo. Nikafungua. Kwanza nikasikia mtu ambaye sijawahi kumsikia, analalamika kwa nguvu zake zote, kisha wewe ukauliza, "Mjomba, upo?"

"Nipo," nikasema.

Hotuba ikaishia hapo. Unajua mwenyewe kuwa dakika zote zilizofuata ni wewe uliyeongea. Kwa hiyo naandika nililoshindwa kulisema, maana karatasi hainitazami.

Siku ile ya Agosti, ya kwanza nilijaribu kwa kidole gumba cha kulia. Ikakatika, kilichoikata sikukijua. Ya pili nilitema mate kwenye kidole cha shahada nikakifuta kwenye suruali nikavuta taratibu, kama ninavyosukuma patasi, nayo ikakata. Nikakimbia kwa mshonaji; kufuli mlangoni. Narudi, ya tatu inaita, picha yako inacheka, na mimi nimemaliza vidole. Nikaipokea kwa pua. Ndiyo hiyo iliyokatika hata hujaiweka sikioni. Sasa umejua umeolewa bila mjomba kwa ajili ya pua, na ninakuomba usimwambie mama mkwe wako, ambaye najua ameshaisoma barua hii kabla yako.

Uliposema umechoka, unaomba nikate mimi kwa sababu mikono yako imejaa, nilishindwa. Simu nzuri, bawaba imara, kidole gumba kiko palepale rangi ilipochubuka, na mkono haukusukuma. Kwa miezi kumi na siku kumi na moja mimi ndiye niliyekukata. Nikasubiri mpaka mumeo akaichukua akaaga yeye. Nikabaki nimeishika wazi hadi kioo kikazima. Mshonaji alipita akaniuliza mbona siifungi, nikamwambia mtu akitoka mara moja mlango huachwa wazi.

Ile ya kwanza, ya mshahara wako, bado naichaji Jumapili. Picha yako imo humo.

Kitanda kiko tayari. Fito thelathini na sita, kitambaa cha mshonaji kimepita juu ya zote bila kukwama. Kitaondoka Jumatatu ya pili kutoka leo, barua ikiwa imeshatangulia, kwenye lori la mbao, na mimi nitakaa mbele na dereva, nimeshakubaliana naye. Tutafika Jumatano kabla ya saa sita. Mwambie mumeo aje na rula, akipime mwenyewe.

Mbao zilibaki kidogo. Nimetengeneza na kiti kimoja, cha mtu mzima, kina mikono pande zote mbili. Uliniandikia kuwa kiti hakiachwi wazi. Baba mdogo wa mumeo asisumbuke kunipisha. Nakuja na changu.

Mjomba wako.